Udongo, Moto na Mvuke: Kwa Nini Chungu Hupasuka na Eropleni Huogopa Majivu

Ninyi mliokaa darasani pamoja na mwalimu wenu, na wewe uliye peke yako nyumbani na redio yako, nawaamkia nyote. Sogeeni karibu. Mwenye kijitabu cha somo hili na akifungue, afuate kwa kidole ninaposoma.

Leo naanza na jambo ambalo baadhi yenu mnalikumbuka. Katika mwezi wa Aprili 2010, huko Naivasha katika nchi ya Kenya, maua mazuri yaliyokwisha kukatwa na kufungwa tayari kwa safari yalitupwa, tani kwa tani. Vibarua wengi waliambiwa wakae nyumbani, na kibarua akikaa nyumbani hana mshahara wa siku ile. Maua hayakuwa na ugonjwa wowote. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakiyangoja. Kilichoharibu mambo ni mlima mmoja wa moto katika nchi ya Iceland, mbali sana kaskazini. Jina lake ni Eyjafjallajökull, wala sitawalazimisha mlitamke. Tarehe 14 Aprili mlima ule ulitapika majivu mengi. Upepo ukayachukua mpaka juu ya Ulaya, na kwa muda wa siku sita hivi eropleni nyingi za huko hazikuruka.

Majivu tu! Mama huyazoa jikoni kila asubuhi akayamwaga. Yawezaje kuifunga njia ya eropleni? Jibu limo ndani ya injini yake, na ili tulielewe yatupasa tuanze kwa mfinyanzi.

Kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Matema katika Tanzania, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu tangu zamani, na vyungu vyao huuzwa mbali. Desturi yao ni kuvichoma penye uwazi, kwa kuni na nyasi. Lakini mfinyanzi hachukui chungu kibichi akakitia motoni siku ile ile. Kwanza hukiacha kikauke taratibu, siku baada ya siku. Kwa nini?

Ni kwa sababu ya maji. Udongo uliofinyangwa una maji ndani yake hata ukiuona umekauka kwa nje. Moto ukiyafikia, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke huenea zaidi ya lita 1,600. Sikilizeni tena: lita 1 huwa zaidi ya lita 1,600. Kijiko kimoja cha chai cha maji hutoa mvuke wa kujaza karibu nusu ya debe.

Sasa fikirini mvuke huo umefungwa ndani ya ukuta wa chungu, ukuta mnene kama kidole. Hauna mlango. Husukuma kila upande, na nguvu hiyo ya kusukuma huitwa shinikizo. Mwalimu, tafadhali andika neno hili ubaoni, shi-ni-ki-zo, na wanafunzi walisome pamoja. Tutalihitaji tena. Udongo mbichi hauwezi kushindana na shinikizo la mvuke. Chungu hupasuka kwa kishindo, na vigae vyake hurukia vyungu vya jirani na kuvivunja. Kazi ya siku nyingi, na fedha ya karo au ya chumvi iliyokuwa ikitumainiwa, hupotea kwa dakika chache.

Maji hayo ya kwanza yakiisha kutoka salama, moto huongezwa. Nyote mnajua kwamba maji huchemka kwenye digrii 100 za Sentigredi. Joto likifika digrii 500 mpaka 600, maji mengine hutoka, yale yaliyofungamana na udongo wenyewe. Tangu hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa matope, hata ukiulowesha mwaka mzima. Umekuwa kitu kingine. Vitu vya namna hii, kama chungu, tofali, kigae cha paa na kikombe cha chai, wataalamu huviita vyote kwa jina moja: kauri.

Kauri haiogopi moto. Tofali la tanuri huweza kukaa motoni miaka. Inachoogopa kauri ni kupashwa moto au kupozwa ghafula. Nilipokuwa mtoto nilitumwa na bibi yangu nichemshe maji. Chungu kilikuwa kimesahauliwa jikoni kikiwa kitupu, kimekuwa cha moto kabisa. Nikamwaga maji baridi ndani yake. Nilisikia sauti moja tu, ta! Ufa ulikwenda kutoka mdomoni mpaka chini. Bibi alinitazama, akakitazama chungu, asiseme neno. Ningependa angenipiga.

Kilichotokea ni hiki. Kitu kikipata joto huongezeka ukubwa kidogo, na kikipoa hupungua. Maji baridi yaliupoza uso wa ndani wa chungu mara moja, ukataka kupungua. Upande wa nje ulikuwa bado wa moto, haukutaka kupungua. Pande mbili za kitu kimoja zikavutana. Chuma kikivutwa hivyo hunyooka au hupinda kidogo, kisha maisha yakaendelea. Kauri haijui kupinda. Hupasuka.

Wafinyanzi hawakungoja wataalamu wawaambie haya. Ninyi wafinyanzi mlioko darasani mnajua kwamba udongo mtupu, uliokuwa laini mno, si mzuri kwa chungu cha kupikia. Huchanganywa na mchanga, au na vigae vya vyungu vya zamani vilivyopondwa. Mtu asiyejua hufikiri kwamba kigae kinatiwa ili kuongeza wingi. Sivyo. Chengachenga zile huacha vinjia vidogo ndani ya udongo. Mvuke hupata pa kutokea. Na ufa mdogo ukianza, hufika penye kinjia au penye chenga ukakwama, hauendi mbele. Ndiyo maana chungu cha kupikia chenye uso wa kukwaruza hukaa juu ya mafiga kila siku, lakini kikombe kizuri cha kauri nyeupe, kisicho na tundu hata moja, ukikiweka juu ya makaa hupasuka. Shikeni jambo hili la vinjia, maana ndilo litakalotufikisha kwenye eropleni.

Kabla ya hapo, tutazame jiko. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mafundi wa Kenya walianza kutengeneza jiko la makaa lenye bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani. Namna yake ilifanana na majiko ya ndoo ya nchi ya Thailand. Udongo ule huzuia joto lisipotee pembeni, likaenda kwenye sufuria, na makaa hutumika machache kuliko katika jiko la bati tupu. Lakini ukiunganisha bati na udongo umeleta ugomvi ndani ya nyumba. Fimbo ya chuma ya mita 1, ukiipasha moto kwa digrii 500, huongezeka urefu kwa milimita 6 hivi. Udongo uliochomwa huongezeka karibu nusu yake tu. Vikibanwa pamoja bila nafasi, kila siku vinasukumana na kuvutana. Kwa hiyo fundi mzuri hutia katikati mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, ambayo ni jiwe jepesi lenye magamba, laini kubonyea. Utandiko ule huwapatanisha. Jiko lisilotengenezwa vizuri utaliona: udongo umelegea, unacheza ndani ya bati kama jino bovu.

Haya, sasa tupande eropleni.

Injini ya eropleni kubwa ya abiria huvuta hewa kwa mbele na kuishindilia. Wakati eropleni inapopaa kutoka uwanjani, injini kubwa za siku hizi huishindilia hewa mpaka shinikizo lake likawa mara 40 au zaidi ya lile la hewa tunayovuta hapa tulipo. Ndani ya gurudumu la motokaa shinikizo ni mara 3 hivi tu. Katika hewa hiyo iliyoshindiliwa mafuta hunyunyizwa, yakawaka. Gesi ya moto hutoka kwa kasi na kulipiga gurudumu lenye mapanga madogo mengi kandokando yake, kama maji yanavyopiga gurudumu la kinu. Gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika moja. Nalo ndilo linalozungusha mapanga yanayoishindilia hewa.

Gesi inayopiga mapanga yale ina joto la zaidi ya digrii 1,500. Mapanga yenyewe ni ya nikeli iliyochanganywa na madini mengine, nayo huyeyuka kwenye digrii 1,350 hivi. Tena kabla ya kuyeyuka hulegea. Na panga moja dogo, ambalo ungeweza kulishika kwa mkono mmoja, katika injini kubwa huvutwa nje na mzunguko ule kwa nguvu ya tani zaidi ya 10. Likikatika, linatoka kama risasi.

Labda mwanafunzi mmoja amekwisha kuinua mkono. Anauliza: kitu kinachoyeyuka kwenye 1,350 hukaaje ndani ya moto wa 1,500? Ni swali lililowasumbua watu wenye elimu kubwa, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni hewa. Panga lina uwazi ndani yake na vitundu vidogo vidogo usoni. Hewa isiyopita penye moto huingizwa humo, ikatoka katika vitundu na kulifunika panga kama shuka nyembamba. Hewa hiyo ni ya moto pia, maana imeshindiliwa, lakini ikilinganishwa na moto wa nje ni baridi.

Sehemu ya pili ni kauri. Panga hupakwa utando wa kauri, unene wake si zaidi ya nusu ya milimita. Kauri hiyo huitwa zirkonia. Joto hupita ndani yake polepole sana, na hivyo utando mwembamba kama huo huweza kupunguza joto la madini kwa digrii 100 na zaidi. Zirkonia ina sifa ya pili: kwa kauri, huongezeka sana ipatapo joto, karibu kama nikeli inavyoongezeka, kwa hiyo ugomvi wa bati na udongo hupungua. Lakini ikiwa safi ina tabia mbaya. Inapopoa kutoka joto kubwa hujipanga upya ndani yake na kufura, ikajivunja yenyewe. Kwa hiyo huchanganywa na itria, kadiri ya sehemu 7 au 8 katika mia kwa uzito, ikatulia. Kama mfinyanzi na vigae vyake, mtu wa kiwandani naye ana kitu chake cha kutia.

Chini ya zirkonia, kati yake na panga, kuna utandiko mwingine wa madini yenye alumini. Oksijeni hupenya katika zirkonia kwa urahisi, na ikifika kwenye alumini huungana nayo, ikafanya ngozi nyembamba sana ya kauri nyingine inayoitwa alumina. Ngozi hiyo hufunga mlango, madini ya panga yasiliwe na kutu ya moto. Kwa miaka ngozi ile huendelea kunenepa polepole, na ikinenepa mno utando wa juu huanza kubanduka. Ndiyo maana mafundi huingiza kamera ndogo ndani ya injini na kutazama panga kwa panga.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Utando wa zirkonia haufanywi mgumu na mzima kama kioo. Hufanywa kwa kusudi uwe na nyufa na matundu madogo. Katika mapanga ya injini kubwa huoteshwa kama vinguzo vyembamba vilivyosimama wima, kimoja kando ya kingine, na kati yao mna nafasi isiyoonekana kwa macho. Eropleni ikipaa, panga hupata moto na kuongezeka. Vinguzo huachana kidogo. Ikitua, panga hupoa, vinguzo hukaribiana. Hakuna kinachovutwa mpaka kipasuke. Bila nafasi zile utando ungebanduka mapema.

Zipo injini mpya zenye vipande vya kauri tupu. Injini iitwayo LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, ina vipande vilivyofanywa kwa nyuzi na gundi ya kabidi ya silikoni. Uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa madini ya nikeli, nayo hustahimili moto mkubwa zaidi. Lakini adui yake ni yule yule wa mfinyanzi, yaani mvuke. Mtashangaa: mafuta yakiungua hutoa maji. Kila kilo 1 ya mafuta ya eropleni hutoa zaidi ya kilo 1 ya maji, nayo huwa mvuke papo hapo. Kabidi ya silikoni ikiwa motoni hujifunika ngozi ya silika, kitu kile kile cha mchanga na kioo. Mvuke wenye shinikizo kubwa huigeuza silika ile kuwa gesi, na upepo wa injini huichukua. Ngozi nyingine huota, nayo huchukuliwa. Kidogo kidogo kipande hukonda, kama sabuni. Shinikizo likizidi na upepo ukizidi, hukonda upesi zaidi. Kwa hiyo kauri hiyo nayo hupakwa utando wa kauri ya namna nyingine, usiopitisha mvuke. Kauri hufunikwa kwa kauri!

Basi tumefika kwenye majivu.

Majivu ya mlima wa moto si kama majivu ya kuni. Ni vumbi la mawe na la kioo, kali, lenye ncha. Likiingia katika moto wa injini huyeyuka likawa kama asali nzito. Wafinyanzi wa China walilijua jambo linalofanana na hilo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita: majivu yaliyotua juu ya vyungu ndani ya tanuri kali yaliyeyuka, na vyungu vikapoa vikiwa na ngozi ya kung'aa kama kioo. Wakaipenda, wakawa wakiyapaka majivu makusudi. Juu ya chungu ni pambo. Ndani ya injini ni balaa.

Usiku wa tarehe 24 Juni 1982, eropleni moja kubwa aina ya Boeing 747, ya shirika la British Airways, ilikuwa ikipita karibu na kisiwa cha Java katika Indonesia. Ndani yake walikuwamo watu 263. Mlima wa Galunggung ulikuwa umetapika majivu. Usiku ule wingu halikuonekana kwa macho, wala rada haikulionyesha, maana rada ya eropleni hutafuta wingu lenye maji, na hili lilikuwa kavu. Injini ya kwanza ikazimika. Halafu ya pili, halafu ya tatu na ya nne. Eropleni nzima ikabaki ikishuka gizani bila injini hata moja, kwa zaidi ya dakika 10, na kisiwani mbele yao kuna milima.

Kioo kilichoyeyuka kilikuwa kimeganda juu ya mapanga na kuziba njia ya gesi. Lakini injini zilipozimika zilipoa, na kioo kile kikapoa ghafula. Mnakumbuka chungu cha bibi? Kikapasuka, vipande vikabanduka na kupeperushwa na upepo. Eropleni ilipofika chini penye hewa safi, marubani walizidi kujaribu, na injini zikawaka tena, ingawa moja ilibidi kuzimwa baadaye. Kioo cha mbele cha marubani kilikuwa kimekwaruzwa na vumbi mpaka hawakuweza kuona vizuri. Walitua Jakarta. Hakuna aliyekufa.

Kuna madhara mengine ya majivu, ya taratibu zaidi. Hata yakiwa machache, yasiyoweza kuzima injini, kioo chake hunyonywa na utando wa zirkonia kama maji yanavyonyonywa na mkeka. Hujaza zile nafasi kati ya vinguzo. Injini ikipoa, kioo huganda humo. Vinguzo vilivyokuwa vikiachana na kukaribiana sasa vimegandishwa pamoja, vimekuwa kipande kimoja kigumu. Utando uliokuwa kama chungu cha kupikia umekuwa kama kile kikombe cheupe. Safari chache baadaye hubanduka, na panga likabaki uchi mbele ya moto wa digrii 1,500.

Sasa mwaweza kuelewa hofu ya mwaka 2010. Kanuni ya siku zile ilikuwa kukwepa majivu yote, yawe mengi au machache. Hapakuwa na kiasi kilichokubaliwa ambacho injini huweza kukistahimili. Baada ya hasara ile viliwekwa vipimo katika Ulaya, eropleni ziweze kuruka pale majivu yalipo machache. Wapo waliosema kwamba kufunga anga kwa siku zote zile kulizidi mpaka. Mimi nikiwafikiria wale watu 263 gizani, siwezi kumlaumu aliyetoa amri. Lakini ni rahisi kwangu kusema hivyo. Si maua yangu yaliyotupwa, wala si mshahara wangu uliokatwa.

Kazi ya darasa ni hii. Tafuteni kigae cha chungu cha kupikia na kipande cha kikombe cheupe kilichovunjika. Vikaushwe juani, vipimwe kwa mizani ya duka, vilale ndani ya maji usiku mmoja, kisha vipanguswe na kupimwa tena. Andikeni uzito wa kwanza na wa pili, mtoe hesabu. Kimoja kitakuwa kimeongezeka, na mtajua maji yameingia wapi. Kigae kilicholowa msikitie motoni. Mnajua sasa kitafanya nini, na kuna watoto karibu. Wiki ijayo, saa kama hii, tutaanza kwa majibu yenu, halafu tutazungumza juu ya kioo. Kwaherini.